Andika yes, Usiandike Ndiyo

Terraform, programu ya kujenga na kubomoa seva za wingu kwa msimbo, ina amri moja ambayo watu wa seva huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mkwe wake: terraform destroy. Ukiipiga, inakuorodheshea kila itakachobomoa, kisha inasubiri uandike yes. Ukiandika y, inaghairi. Nilijaribu ndiyo, ikaghairi pia. Programu hiyo haijawahi kukanyaga Temeke.

Siku bosi alipoagiza mradi wa majaribio uzimwe wote, tulianza na terraform plan -destroy, inayoonyesha vitakavyokufa bila kuua hata kimoja. Orodha ikateremka: seva, diski, na katikati yake, databesi ya wateja. Ya wateja! Kwenye majaribio! Chumba kizima kikaanza kukagua viatu. Kumbe kuna mtu aliona kutengeneza databesi mbili ni usumbufu.

Tukaichomoa kwenye kumbukumbu za Terraform kwa state rm, yenyewe pamoja na mtandao wake. Kisichokuwa kwenye kumbukumbu hizo hakibomolewi. Kuna wanaoapa kwa prevent_destroy inayoandikwa kwenye msimbo wa kitu chenyewe, na kweli inalinda, ila ukifuta kile kipande cha msimbo, mlinzi naye anaondoka na geti lake. Mimi naamini zaidi ulinzi unaowekwa kwenye databesi yenyewe, huko huko kwenye wingu.

Tukapiga plan upya, tukasoma mstari kwa mstari, tukaandika yes. Vikaanza kuanguka kinyumenyume, cha mwisho kujengwa kikitangulia, hadi baketi moja ya S3, ghala la mafaili la Amazon, ikagoma: haiko tupu. Ipo swichi ya force_destroy inayomaliza ubishi huo, lakini tuliona heri tuchungulie kwanza. Ndani mlikuwa na picha za harusi. Tukampigia mwenzetu aliyekuwa likizo.

“Kaka, nakuomba usizifute! Shemeji yako hajaziona zote.”

Tukasubiri bwana harusi apakue picha zake, kwa bando la simu, kutoka kijijini. Bosi akauliza kama tumemaliza. Tukamwambia bado kidogo.

Ankara ya mwezi uliofuata ikaja na dola 3.60. Mtu alikuwa ametengeneza anwani ya IP kwa kubofya tu, nje ya msimbo, kwa hiyo Terraform haikuwa na habari nayo, na Amazon hutoza nusu senti kwa saa hata kama haitumiki. Dada wa uhasibu akazunguka na karatasi meza kwa meza akimtafuta mwenyewe. Mpaka leo, anwani hiyo ni yatima.