Zambarau Ibaki Zambarau: Saba Hadi Moja kwa Wauza Nguo wa Ikola

Mteja yuko Mpanda mjini, kitenge kiko Ikola, kati yao kuna barabara ndefu na picha moja ya simu. Akilipia zambarau akapokea bluu, hakuna "samahani mpendwa" itakayomrudisha dukani kwako. Dada zangu, kaka zangu, tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia dogo hadi kubwa.

7. Filta. Zima! Inalainisha uso, na uso hauuzwi.

6. Ukuta na fulana yako. Mwanga hugonga kitu, ukabeba rangi yake, ukaimwaga kwenye nguo. Tofali za kuchoma hutia wekundu, turubai la bluu hutia ubluu. Tundika shuka jeupe lisilo na maua. Na mpiga picha asisogelee gauni jeupe akiwa na jezi: ya Yanga inalitia unjano, ya Simba inalitia wekundu. Kwenye mechi hii timu zote mbili zimefungwa.

5. Nyeusi na nyeupe. Simu haijui kama imeona kanzu au suruali ya shule. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Basi suruali nyeusi inatoka imepauka kama iliyofuliwa mwaka mzima, na kanzu inatoka na kiza. Gusa nguo kwenye kioo, kile kijua kikitokea kiteremshe kwa nyeusi, kipandishe kwa nyeupe.

4. Nyekundu kali. Hii ni jeuri. Rangi inajaa kwenye kamera hadi maua ya kitenge yanapotea, linabaki doa moja kubwa. Punguza mwanga kidogo kidogo mpaka maua yarudi. Mteja analipia maua pia.

3. Taa mbili. Balbu ya manjano ina joto la rangi la Kelvini 2,700 hadi 3,000. Jua la mchana karibu 5,500. Kivulini hupita 7,000. Ukipiga mlangoni huku balbu inawaka ndani, nusu ya sketi ni manjano na nusu ni bluu, na ukirekebisha upande mmoja unaharibu wa pili. Chagua mwanga mmoja, mwingine uzime. Kama lazima upige usiku, tafuta balbu ya LED iliyoandikwa Ra 90 au zaidi kwenye boksi, yaani kipimo cha balbu kuonyesha rangi ilivyo. Nyingi za bei ya chini zina upungufu wa wekundu, ndiyo maana damu ya mzee ikipigwa chini yake hugeuka kahawia.

2. Saa. Hapa Ikola tuna jambo letu. Tanzania nzima inafuata saa ya longitudo 45 mashariki, nasi tuko karibu na 30. Jua linatufikia utosini karibu saa saba mchana, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiambiwa na fundi wa Kariakoo "piga saa mbili na nusu asubuhi", muulize: kwa jua la nani? Kwetu saa hiyo jua bado liko chini na lina manjano. Mimi nashika saa nne hadi saa tano, kivulini penye uwazi, nguo ikitazama anga. Jioni jua likishuka upande wa Kongo na ziwa likawaka dhahabu, piga maharusi. Vitenge viache! Kisha majira nayo yana yake: moshi na vumbi la mwezi wa nane na wa tisa hutia unjano, mawingu ya masika hutia ubluu, hata ukisimama palepale.

1. Karatasi nyeupe. Ndiyo dawa ya hayo majira. Picha ya kwanza ya kila mzigo iwe na karatasi kando ya nguo. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ni bora zaidi, kwa sababu karatasi nyingi zina kemikali inayozitia ubluu juani. Fungua kamera upande wa Pro, sogeza WB mpaka karatasi isiwe na unjano wala ubluu, kisha usiguse tena. Nguo zote za siku hiyo zipite hapohapo, kwa namba ileile. Kabla ya kuweka stetasi, shika kitenge chenyewe pembeni ya simu, mlangoni. Vikitofautiana, futa, piga upya. Mzigo usipande gari la Mpanda kabla picha haijawa sawa.