Kwa Mwenye Barabara, Popote Ulipo

Kijijini, nyuma ya Busisi,
Wilaya ya Sengerema,
Mkoa wa Mwanza.

Mheshimiwa Mwenye Barabara,
Anuani haijulikani.

K.K. Waheshimiwa Madiwani

YAH: KUTOFAHAMIANA KWETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwangaluka, Mheshimiwa. Sisi huku hatujambo, mgonjwa ni barabara tu.

Naomba nianze kwa pongezi, nisije nikaonekana mpinga maendeleo. Daraja la Kigongo–Busisi tumeliona. Tumelipita kwa bodaboda, tumelipita kwa magari ya watu, na wapo waliokwenda Kigongo na kurudi bila shughuli yoyote, ili tu nao waseme wamepita. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua, nalo linaitwa kwa jina la hayati John Pombe Magufuli. Kilomita tatu juu ya maji, upana mita 28.45, gharama zaidi ya shilingi bilioni 700. Sisi tuliokulia kwenye kivuko tunajua thamani yake. Ulikuwa unasubiri foleni, unasubiri kivuko kirudi, unasubiri kijae, ndipo uvuke kwa nusu saa na ushee. Ukiwa na mgonjwa, ulikuwa unasubiri huku unamwangalia usoni. Leo gari linavuka kwa dakika chache, dereva hata redio hajamaliza kuitafutia stesheni. Kwa upande huo hatuna neno.

Neno letu linaanzia lami inapoishia. Ukishuka darajani upande wa Busisi, ukaiacha barabara kuu na kukata kuingia vijijini, hapo ndipo himaya yako inapoanza, Mheshimiwa, na hapohapo ndipo tunapokupoteza. Kiangazi, kutoka lami hadi kwangu ni suala la nauli. Masika ni suala la mazungumzo. Dereva wa bodaboda anaangalia mawingu, anaangalia mzigo, kisha anaangalia viatu vyako. Akiona umevaa viatu vya ofisini anajua huna njia ya kutembea, anataja bei kwa sauti ya upole kabisa.

Nimekutafuta sana. Ofisi ya kwanza niliambiwa barabara siku hizi si zao, niende kwa wenzao. Kwa wenzao nilimkuta kijana mwenye adabu, akanipa kiti, akafungua kompyuta, akateremsha orodha mpaka mwisho, kisha akaniambia barabara yetu haimo kwenye mtandao. Nikamwambia ni kweli, kwetu mtandao unasumbua. Akacheka, akanifafanulia kuwa anasema mtandao wa barabara. Yaani haijasajiliwa. Ng'ombe wanaipita, wanafunzi wanaipita, gari la dagaa linaipita, wagombea udiwani waliipita na spika mbili juu ya gari, lakini kwa mujibu wa kompyuta ile pale ni pori.

Ofisi ya tatu ilikuwa chini ya mwembe. Hiyo ilikata shauri haraka: ni njia ya kijiji, jitoleeni. Basi tukajitolea. Tumefukia mashimo kwa mawe, kwa vipande vya tofali, na safari moja kwa pumba za mpunga. Pumba zilikuwa wazo la mwenye mashine ya kukoboa, ambaye alikuwa na pumba nyingi kuliko mahali pa kuzitupa.

Usidhani tunalalamika bila kujua mambo, Mheshimiwa. Historia yako tunaifahamu. Zamani barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na barabara kuu na za mikoa zikawa za TANROADS. Julai 2017 ikazinduliwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, barabara za wilaya zikahamia huko. Sababu zilikuwa za maana: kazi ya kihandisi iende kwa wahandisi, siasa zipungue, fedha ya barabara ifike barabarani. Mimi binafsi sikuona ubaya. Tatizo ni kwamba siku ya kuhama, barabara zilihama, wahandisi wakahama, lakini lawama ilisahaulika kupakiwa. Imebaki kwa diwani. Diwani ndiye anayeshikwa mkono msibani na kuulizwa habari za kalavati. Akifika barazani anauliza swali, meneja wa TARURA anasoma taarifa, mwenyekiti anasema taarifa imepokelewa. Nimewahi kukaa nyuma kwenye kikao cha namna hiyo, nikaona kuwa katika nchi yetu hakuna kinachopokelewa vizuri kama taarifa ya barabara. Inapokelewa kwa makofi, inapokelewa kwa chai, na haijapata kukwama hata siku moja.

Taarifa zenyewe zina utaalamu mwingi. Mtandao wa barabara za wilaya nchini umepimwa ukapatikana kuwa na kilomita 144,429.77. Nimeipenda sana hiyo 77 iliyo nyuma ya nukta. Ni mita 770. Aliyezipima ni mtu makini, hakutaka kudhulumu hata kichochoro. Nimepiga hesabu ya umbali kutoka kwangu hadi kisimani, nikajipa moyo kwamba huenda mita 770 hizo ndizo za kwetu, basi walau kwenye nukta tumo.

Halafu kuna mafungu ya kazi: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, na matengenezo ya maeneo korofi. Hilo la mwisho linatutatiza. Eneo korofi linataka pawepo na barabara nzuri kwanza, halafu ndani yake papatikane mahali palipoharibika. Kwetu mambo yako kinyume. Ukorofi umenyooka moja kwa moja kutoka lami hadi mwaloni, na katikati yake kuna maeneo mawili matatu mema, ambayo hata sisi hatujui yalinusurikaje. Kama kuna fungu la matengenezo ya maeneo mema, tunaomba tufikiriwe.

Na fedha tunachangia. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Hatukugoma, barabara ni uhai. Lakini angalia inavyokwenda. Gari la mjini likipita kwenye lami linakunywa mafuta kidogo, linachangia kidogo. Gari la dagaa likiingia kwetu linakwenda gia ya kwanza, linazama, linanguruma, linasukumwa, linanguruma tena. Kila mngurumo una mia yake. Kwa hiyo mchangiaji mkubwa wa mfuko wa barabara ni mtu asiye na barabara. Ukiitazama kihasibu, shimo ni chanzo cha mapato, na nadhani ndiyo maana linatunzwa.

Majirani zetu Kenya walau wanakugombania. Wabunge na magavana wa huko wamefikishana mpaka mahakamani kwa ajili ya shilingi bilioni 10.5, za kwao, za tozo ya matengenezo ya barabara: kila upande unadai barabara ni zake. Niliposoma habari hiyo niliona wivu. Huku kwetu kila upande unadai barabara ni za mwenzake, na tunaambiwa huo ndio ushirikiano.

Mheshimiwa, kuna jambo moja ambamo unaonekana waziwazi: mita. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo hakuna ofisi inayosema si yetu. Wanakuja vijana na futi kamba na kopo la rangi, mita 30 zinapatikana zote bila kupungua hata unyayo. X nyekundu maana yake wewe uliifuata barabara, ubomoe na uondoke bure. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata wewe, ukae usubiri fidia. Waliobomolewa Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017 hawahitaji kufundishwa herufi hiyo. Ninamfahamu bibi mmoja wa kando ya lami, hakuwahi kukaa darasani, lakini alipoona kijana anachovya brashi alimwambia, "Mjukuu wangu, herufi hiyo ninaisoma, usijisumbue kunisomea." Kijana akasema shikamoo bibi. Akaitikiwa marahaba, akapaka.

Sisi tulio mbali na lami tulidhani tumepona. Kumbe nyuma yetu kuna ziwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni mwa maji pasifanyike shughuli ya kudumu ya binadamu. Sheria nzuri, ziwa lisipolindwa tutakula nini. Ila kwa aliye kati ya lami na ziwa, mbele mita 30 za barabara, nyuma mita 60 za ziwa, anabaki na kipande cha kuishi ambacho ni lazima akipite akiwa amebana mikono. Na jambo la ajabu ni kwamba mita zote zimepimwa isipokuwa zile zenye matope. Kama vijana wale wangepaka X kwenye mashimo, rangi nyekundu ingekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Maana barabara yetu haijapata kumfuata mtu yeyote.

Mapito nayo yanaisha. Kulikuwa na njia ya ng'ombe ya kwenda majini, pana, babu zetu waliiacha makusudi. Mwaka huu uzio umeonekana upande mmoja. Baada ya siku chache uzio ukawa umesogea. Hakuna aliyeuona ukitembea, nadhani unatembea usiku. Sasa ng'ombe wanapita mmoja mmoja, na wenye mashamba ya mihogo kando ya njia wameanza kufikisha kesi kwa mtendaji, maana ng'ombe akikosa njia hatafuti wakili, anapita shambani. Hili najua si lako, Mheshimiwa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nimelitaja ili ujue kwamba kutojulikana si ugonjwa wako peke yako. Umewaambukiza wengine.

Mara moja tulidhani umekuja. Lilikuja greda. Watoto walitoka darasani bila ruhusa, mwalimu naye akatoka kuwarudisha, akabaki kuangalia. Greda likakwangua udongo wa juu, ule mgumu uliokanyagwa na miguu kwa miaka mingi, likausukuma pembeni, ukajaza mitaro. Moramu haikumwagwa, kilichokwanguliwa hakikushindiliwa, na mitaro haikufunguliwa. Jioni barabara ilipendeza, tukapiga picha. Mvua ya kwanza ikaja ikakuta mitaro imeziba na katikati pamelainika, maji yakachagua katikati. Tangu siku hiyo maji yanapita barabarani, sisi tunapita juu ya mitaro. Kibao kiliachwa, kina jina la mradi kwa herufi kubwa. Bei ya kazi hakina.

Hapo ndipo ombi langu lilipo, nalo nawageukia Waheshimiwa Madiwani mliopitishiwa barua hii, maana ninyi walau nyuso zenu tunazijua. Ibara ya 146 ya Katiba inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hayo madaraka tumeyasubiri. Tunaamini kweli yalitumwa, na tunakisia yamekwama pale mbugani kwenye udongo mweusi, ambapo kila kinachotumwa kwetu masika hukwama. Sisi hatuombi barabara zirudi halmashauri. Tuliwahi kuwa nazo huko, tunakumbuka. Tunaomba kitu kidogo. Kazi ikifanyika kwenye barabara ya kijiji, bei na urefu viandikwe kwenye kibao, na mkandarasi asilipwe fungu la mwisho mpaka diwani na mwenyekiti wa kijiji wameitembea kazi hiyo kwa miguu, baada ya mvua, na kutia saini. Mhandisi apime anavyojua yeye. Sisi tutapima kwa mama mjamzito kwenye bodaboda. Vipimo vikigongana, anayesubiri malipo atawapatanisha.

Baraza la madiwani hukaa kikao chake cha kawaida kila robo mwaka. Kikao cha robo ile yenye mwezi wa nne tunaomba kikaliwe huku kwetu, shule ya msingi, madarasa yapo na madawati tutayafuta. Magari yaacheni Busisi, bodaboda wameshapewa taarifa. Njooni na gambuti. Ajenda iwe moja, na posho ya kikao mlipane mkishafika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa mita 770