Gia za Kuchaji

Waya wa gia ulitudhulumu mno. Ulipokatika, fundi yeyote wa chini ya mwembe alifunga mwingine kabla hujamaliza kikombe cha chai, nawe ukanyimwa nafasi ya kukaa kando ya barabara ukitafakari maisha. Ahsante kampuni ya Shimano: mwaka 2009 wakaleta Di2, gia za umeme, baiskeli ikaanza kulala kwenye chaji. SRAM, kwa huruma zaidi, mwaka 2015 wakafuta waya kabisa. Sasa gia ya mbele ina betri yake, ya nyuma yake, na vitufe vya usukani vina zake. Tena kampuni hizi hazipikiki chungu kimoja: usukani wa huyu hauamrishi gia za yule, jambo linalolinda maadili.

Campagnolo wa Italia wamefikisha spoketi 13 nyuma, maana 12 zilimdhalilisha mtu anayetumia tatu. Wahurumie washindani wa Tour de France, walionyimwa mitambo ya kubadili gia hadi 1937: walishuka, wakageuza gurudumu la nyuma, wakaipanda milima ya Alpu bila hata kusasisha programu.

Na muuza mkaa mwenye baiskeli ya Phoenix ya gia moja na magunia matatu nyuma? Huyo bado yuko gizani. Ila keshafika sokoni.