Sifa za Jani la Mvinje Gatani mwa Paa

Jani la mvinje linastahili sifa, ijapokuwa hata jina la jani limelitwaa bila haki: kinachodondoka ni kijitawi chembamba chenye vifundo, na majani yenyewe ni vigamba vidogo vinavyozunguka kila kifundo. Kijitawi hicho ndicho mkaguzi mkali kuliko wote wa vizuizi vya taka ambavyo mafundi hufunga kwenye gata, yaani mfereji unaokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa.

Wavu wa matundu mapana, unaojigamba kwa kulizuia jani la mwembe, hupenywa na kijitawi kinachoingia wima, kikakwama humo na kuwanasa wenzake mpaka wavu mzima ukawa mkeka. Sifongo, ambayo hujazwa ndani ya gata ili maji yapenye na taka zibaki juu, ni karimu zaidi, kwani hunasa pia vumbi na mbegu, na mwenye nyumba hatimaye hujaliwa bustani asiyoipanda.

Kizuizi cha mdomo uliopinda kimebuniwa kwa elimu kubwa: ni kifuniko kisicho na matundu, ambacho maji hushikamana na uso wake, yakafuata mkunjo na kuingia katika mwanya mwembamba, ilhali jani hudondoka nje. Hoja hiyo ni sahihi kwa jani pana na kwa manyunyu. Masika yanapomwaga kwa nguvu, maji huuruka mwanya na kuangukia msingi wa nyumba, na kijitawi kilicholowa hufuata mkondo hadi ndani, kana kwamba nacho kimesoma fizikia.

Wavu laini wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu yasiyofika milimita 1, hukizuia kijitawi kweli. Lakini kikilala juu yake pamoja na vumbi na chavua, maji huteleza juu ya utando huo na kupotea. Hasara si ndogo, kwa kuwa milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1, na paa la mita 60 za mraba linaponyeshewa milimita 20 lingeweza kulipa tangi hadi lita 1,200.

Fadhila za kijitawi huwafikia wengine pia. Maji yanayotuama nyuma ya rundo lake humpa makao bila kodi mbu wa Aedes, mwenezaji wa homa ya dengi, ambaye mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Fundi naye hasahauliwi, kwani chini ya kizuizi kilichokazwa kwa skrubu hapasafishiki bila kukifungua, na aliyelipwa kukifunga hulipwa tena kukifungua.