Sabuni Iliyoota Mvi

Sabuni ya shangazi yangu huzeeka kabla ya kuzaliwa. Jioni tunaimimina kwenye sanduku la mbao ikiwa nyororo, na rangi yake ya mawese. Keshokutwa tukifunua, juu imeota mvi: unga mweupe, laini, unaofutika kwa kidole. Na hapa Kigongo, kando ya Ziwa Victoria, kila mtu ni daktari wa jambo lisilomhusu. Muuza dagaa alisema ni ukungu. Fundi baiskeli akasema tumechakachua kwa unga wa muhogo. Mzee mmoja aliyepita kuomba maji ya kunywa aliutazama sana, akashusha sauti, akauliza kama tuna ugomvi na mtu.

Ugomvi tunao, ila ni na hewa. Kostiki soda ikikorogwa na mafuta haimalizi kazi papo hapo. Ile iliyobaki juu bila mafuta ya kushikana nayo hukutana na kaboni dayoksaidi ya hewani, ikageuka magadi soda. Ndiyo, magadi yale yale yaliyojaa Ziwa Natron, na ambayo huko Ziwa Magadi, Kenya, yaliundiwa kampuni mwaka 1911 na kuvutiwa reli. Wenzetu waliyafuata kwa treni; sisi yanatufuata nyumbani.

Nilidhani maelezo hayo yatamtuliza shangazi. Akainuka, akarudi na kisu na kibakuli.

"Kumbe magadi! Basi mlenda wa leo umepata, baba."

Ikabidi nisimame mlangoni mwa jiko. Katika unga ule huenda kostiki kidogo bado ipo, na utumbo si shuka la kufuliwa. Akaukwangua kwa macho tu, akaondoka akisema elimu yangu ni ya kukataza tu.

Dawa yenyewe haina gharama. Punguza maji ya kuyeyushia kostiki. Shangazi huyapenda mengi, kama anayetarajia wageni. Koroga mpaka mwiko ukipita uache alama. Kisha laza nailoni igusane na uso wa sabuni, ufunike na kitu kizito joto lisitoke, maana upepo wa ziwa usiku hauna huruma. Kitu kizito kilichopatikana ni blanketi langu. Usiku ule sabuni ililala vizuri kuliko mimi. Asubuhi ilikuwa safi kabisa, isipokuwa kona moja: kuku alihisi joto, akasukuma nailoni pembeni, akaatamia. Kona yake ina mvi na alama za kucha.

Enzi za kivuko tusingehangaika hivi. Abiria aliyekuwa akisubiri MV Mwanza alikuwa na muda. Ungemsomesha kemia yote mpaka anunue ili unyamaze. Tangu Rais Samia afungue Daraja la JPM tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, watu wanafika Busisi, ng'ambo ya pili, kabla hujamaliza kutamka "kaboni". Silalamikii daraja, wagonjwa waliokuwa wakikesha hapa wanaijua thamani yake. Ila sabuni sasa inauzwa gulioni, na gulioni jicho ndilo hakimu.

Kwa hiyo tunapangusa kila mche kwa kitambaa chenye unyevu. Tusichouza ni ule wenye vipande vyeupe ndani, vinavyotoa majimaji: hayo si magadi tena, ni kostiki iliyozidi. Shangazi huigusisha sabuni ncha ya ulimi. Ikimpiga shoti, inarudi sufuriani, na sisi tunakaa mbali naye kidogo. Zilizofaulu hukaa rafuni wiki nne.

Juzi mama lishe mmoja alizipita zote zinazong'aa, akavuta ile ya kona ya kuku.

"Zenye unga ndizo zinazotoa masizi," alisema. "Mna nyingine?"

Hakukosea sana, magadi husaidia kusafisha vyombo. Tangu siku hiyo shangazi anazungumzia bei mpya ya zenye unga, na amemtafutia yule kuku wenzake wawili. Blanketi nimeliulizia. Nimeambiwa liko kazini.