Uwanja wa Mbele: Maelekezo kwa Aliyehamia Juzi

Umejenga Kinyerezi, umehamia kabla ya plasta, na mbele ya mlango kumebaki kipande cha ardhi. Fundi anashauri vitofali. Mkeo anataka maua. Wewe unataka mchicha. Nyote watatu mmekosea: mnadhani mnaoamua ni nyinyi.

Haya, anza na mchicha, kila mtu huanza nao. Tuta moja, samadi ya kuku iliyooza, maji asubuhi na jioni, na wiki ya tatu au ya nne unavuna. Yaani, ungevuna. Kabla hujaufikia, jirani atasimama njiani na kusema, "Mashallah, mchicha huo, jirani!" Usidhani umesifiwa, umedaiwa. Ukisema "karibu", umekwisha. Ukinyamaza, mpaka adhuhuri mwenye genge atakuwa ameshajua kwamba mgeni ana roho mbaya. Wenye busara hupanda matuta mawili: la kando ya njia ni la mtaa, la nyuma ya tanki la maji ni lenu. Hilo la nyuma litie matembele. Unachuma leo, yanachipua tena, na hakuna anayesimama kuyasifia.

Mpapai nao una mambo yake. Weka miche mitatu shimo moja, maana jinsia yake huijui mpaka utoe maua: ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike hubana kwenye shina. Hapo atatokea mzee wa kukuelekeza upige msumari ili dume ligeuke jike. Mshukuru sana, msindikize, kisha ng'oa madume ubakize moja la kuchavusha.

Jambo zito hasa ni kivuli. Ukipanda mkungu, ujue unafungua ofisi isiyo yako. Matawi yakitanda tu, kijana wa bodaboda ataegesha pikipiki "dakika moja". Kesho wako wanne. Wiki inayofuata kuna kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba kwa makaa, vizibo vya soda vimepangwa, upande mmoja chali, upande mwingine kifudifudi, na mtu anapigilia kizibo ubaoni kwa kishindo akidai kingi saa ambayo mtoto wako amelala. Mama wa vitumbua atafuata wateja. Mwisho mjumbe ataitisha kikao hapohapo, na wewe utaletewa taarifa kama mwalikwa.

Usikosee kuwanyima benchi ukidhani wataondoka. Watakaa kwenye ngazi zako, na ngazi zako zinatazama sebuleni. Mbao mbili na misumari ni rahisi kuliko pazia zito, tena benchi unaweza kulielekeza barabarani.

Najua unachowaza: ukuta, geti, chupa zilizovunjwa juu. Jenga, pesa ni zako. Ila mwizi akisharuka ndani hakuna tena wa kumwona, ilhali kijiwe cha drafti kinajua nani kaingia kwa nani, saa ngapi na amebeba nini. Wewe pia umo kwenye hesabu hiyo, hasa siku ulizochelewa kurudi.

Kuhusu maua ya mkeo: apande mrehani na mchaichai. Vinanukia, na mchaichai huombwa kwa heshima, kwa sababu mwombaji huwa na mgeni au ana mafua.

Ukoka je? Uoteshe, lakini usiupende. Siku ukitokea msiba kwa jirani ambaye kwake hakuna nafasi, macho yatageukia uwanja wako. Turubai litafungwa kwenye mkungu, viti vya kukodi vitashushwa, na mafiga makubwa ya pilau yatawashwa pale pale ulipopalilia Jumamosi. Toa maji, toa umeme, kaa na wenzako. Majivu yazoe baada ya matanga, ukoka utaota masika. Mafiga usiyatupe: mama wa nyumba ya tatu anaoza binti mwezi wa nane, na ameshakuja kupima uwanja kwa hatua.