Safu ya Ushauri: Sirizi za Siasa na Likizo ya Kaloleni

Sirizi fupi ya siasa ni tamthilia ya sehemu nne hadi nane hivi. Ndani yake lazima awepo kiongozi mwenye siri, faili lililopotea, mwandishi wa habari asiyesikia la mwadhini, na maiti kabla sehemu ya pili haijaisha. Kuimaliza kwa mkupuo mmoja ni tabia ya likizo. Barua zilizoifikia safu hii kutoka mtaa wa Kaloleni, Kisumu, karibu zote zinahusu Desemba, mwezi ambao nyumba ya vyumba viwili hupokea shangazi, mabinamu na wajukuu, na runinga hubaki moja ile ile.

Shida ya kwanza ni ya mume anayesema "hii ndiyo ya mwisho" saa nne usiku, kisha akasikika akisema vivyo hivyo majogoo wakiwika. Mkewe anauliza kama huo ni uongo au ni ugonjwa. Si hiki wala kile. Ni ufundi wa waliotunga. Kila sehemu humalizika kwa fundo, na huduma za mtandaoni huanzisha sehemu inayofuata zenyewe baada ya sekunde chache, kabla mtu hajaipata rimoti chini ya mto wa kochi. Zamani mtazamaji alilazimishwa kulala. BBC ilipoanza kuonyesha House of Cards yenye sehemu nne, tarehe 18 Novemba 1990, Waingereza walisubiri wiki nzima kwa kila sehemu. Na wiki ya kwanza haijaisha, Margaret Thatcher akatangaza kujiuzulu, siasa yenyewe ikaipita tamthilia mbio. Toleo la Marekani lilimwagwa na Netflix tarehe 1 Februari 2013, sehemu 13 kwa siku moja, na Januari 2016 huduma hiyo ikafika Kenya. Tiba ni kuzima katikati ya sehemu, si mwishoni. Zikishapita dakika kumi na tano, fundo la sehemu iliyotangulia huwa limefunguliwa na jipya halijafungwa. Hapo ndipo usingizi hupata upenyo. Mke asichomoe waya ukutani. Njia hiyo huanzisha sirizi nyingine, na hiyo huwa haina idadi ya sehemu.

Mwanafunzi aliyerudi nyumbani analalamika kwamba bando la familia huisha yeye akiwa sehemu ya tatu. Kwake inafaa sirizi fupi na ya karibu. Country Queen ya 2022 ina sehemu sita tu: Akisa anarudi kijijini kwao kutoka Nairobi, akakuta kampuni ya madini imeukalia ukoo mzima. County 49, iliyotoka mwaka huo huo wa uchaguzi kwenye Showmax, inahusu kaunti ya kubuni na gavana wake. Kenya ina kaunti 47, na namba 48 hupewa Wakenya wa ughaibuni kura za urais zinapojumlishwa, kwa hiyo namba 49 haina gavana wa kwenda mahakamani. Yako pia maduka yanayopakia sirizi nzima kwenye flashi kwa shilingi chache. Bando halitumiki, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huyatazama maduka hayo kwa jicho baya.

Barua nzito zaidi imetoka kwa mjukuu. Babu yake huishika rimoti, ile ambayo betri zake zimezuiwa kwa mpira wa kufungia sukuma, akanyamazisha sauti mara tu waziri anapopotea kwenye sirizi, kisha akaanza kusimulia. Wageni hukasirika. Mjukuu anauliza namna ya kumnyamazisha babu badala ya runinga.

Hilo haliwezekani, na wala halifai. Wazee wa Kisumu ni watazamaji wagumu kuwatisha, kwa sababu mambo kama hayo wameyapitia. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi Government Road, Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno makali hadharani, risasi zikalia, watu wakafa. Siku chache baadaye Odinga alikuwa kizuizini na chama chake, KPU, kimepigwa marufuku. Hospitali sasa ina jina la Jaramogi mwenyewe, lakini kwa wenyeji bado ni "Russia". Halafu Februari 1990: Dakta Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, anatoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake unapatikana umechomwa karibu na kilima cha Got Alila. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard anaitwa kuchunguza. Inaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru, nayo inavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Kwa hiyo babu anapoguna kwamba muuaji hawezi kujulikana katika sehemu ya sita, hachokozi mtu. Anazungumza kama mjuzi. Utaratibu unaofaa ni kumpa nusu saa kabla ya sirizi kuanza, pamoja na chai, na wageni waulize maswali. Wengi watagundua kwamba sirizi ikishawashwa imepungua makali kidogo. Hiyo ni hasara ya mtunzi, si ya nyumba.

Aliyeuliza kuhusu jirani anayetoboa siri ya mwisho ajibiwe kwa ufupi: atangulie kutazama.

Barua ya mwisho ni ya mwenyeji mwenye mgeni kutoka Nairobi ambaye hajaliona ziwa tangu afike. Jua la Kisumu huzama ziwani kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, na ufukwe wa Dunga ni safari fupi ya bodaboda. Sirizi ianze saa mbili usiku, baada ya samaki na ugali. Mgeni atakayechelewa Dunga na kukuta wenzake wako sehemu ya pili hana haki ya kuuliza aliyeuawa ni nani.